Mbayuwayu wa Babu Ezra

Asubuhi, wakinywa kahawa, Orrin Stauffer alimpa mkewe Verlene sharti moja.

"Kama ndege wenu wamo humo ukutani, ukuta ni wako. Kama hawamo, jioni napaka rangi nyeupe, na sitaki kuona mtu kanuna."

Rola yake ilikuwa tayari imeegemezwa mlangoni kama askari wa zamu.

Kwao Verlene, hapo Ohio, kila mtu alikua akisikia kwamba Babu Ezra, aliyeijenga nyumba hiyo, alinunua Philadelphia karatasi ya ukutani yenye ndege wa buluu, akamfukuza fundi na kuibandika kwa mikono yake. Hakuna aliye hai aliyewahi kuiona.

Verlene hakuwa na haraka. Akaulowesha ukuta kwa mvuke wa birika, akachokonoa kwa kisu butu. Ikashuka karatasi yenye picha za mabuli ya chai ya kahawia, aliyoibandika Orrin walipooana. Ikashuka mistari ya kijani, kisha mawaridi makubwa kama kabichi. Chini kabisa palikuwa na masizi ya makaa ya mawe. Hapo akafanya kama mama yake alivyosafisha karatasi za ukutani: akafinyanga mkate mweupe kuwa tonge, akapangusa polepole kutoka juu kwenda chini.

"Verlene! Mkate uko wapi?" Orrin aliita toka jikoni.

"Uko ukutani."

Orrin akaja na paja la kuku mkononi. Ndege walikuwemo! Mbayuwayu wa buluu, hata kucha zimechorwa. Ila wote walikuwa chali, miguu juu.

Orrin alicheka hadi paja likamponyoka. "Lo! Mzee kaibandika juu chini! Ndiyo maana wakaifunika!"

Verlene akasimama kuukinga ukuta. "Tulipatana ndege."

"Ndege wazima, mke wangu. Hawa ni marehemu." Akaifuata rola.

Verlene akajipangusa makombo ya mkate. "Haya. Ila kwanza nisaidie kusogeza lile kabati la vyombo."

Orrin akasimama. "Kabati la nini tena? Si limekaa hapo miaka yote?"

"Tangu siku ulipomaliza kubandika mabuli yako. Jumapili dada yako Arvilla anakuja. Mwache naye aone."

Nyuma ya kabati, na wote wawili walijua, kulikuwa na ukanda mmoja wa mabuli kichwa chini, yakimimina chai kwenda darini.

Orrin alitazama kabati, akawatazama ndege. Kisha akafunika ndoo ya rangi, akaugonga mfuniko kwa ngumi hadi ukabana.

"Hizi pembe zinabanduka," akanung'unika. "Chemsha uji wa wanga tuzibandike." Akamega tonge la mkate. Baada ya kitambo akainamisha kichwa pembeni. "Ukikaa hivi, huyu anaruka kabisa."

"Pangusa kwenda chini, mzee wangu."

"Chini ya kwetu au ya kwao?"