Pengo la King'ora

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini zizi la mzee Spana lilikuwa limefungwa kufuli. Karakana aliyoifanyia kazi tangu ujana ilikufa, mashine zikang'olewa, na bendi ya wafanyakazi, aliyoipigia gitaa, ikasambaratika, kila mtu na njia yake. Siku hizi mlisha nyumba ni binti yake, aliyegeuza sebule kuwa chumba cha ushonaji, yeye na wenzake wawili.

Wimbo mkubwa wa bendi ulikuwa na pengo katikati. Walifanyia mazoezi ubavuni mwa karakana, na king'ora cha kubadili zamu kilipolia, vyombo vilinyamaza. Wacheza dansi nao wakasimama, mguu mmoja juu, wakingoja. Mwishowe hata ukumbini, pasipo king'ora, pengo lilibaki. Kwa hilo watu wa karakana walijuana.

Jumamosi iliyopita Spana aliupiga harusini. Alipofika penye pengo, kijana mmoja akapaza sauti, "Vipi mzee, umeme umekatika?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Leo alasiri, baada ya kusali, aliketi mlangoni na gitaa lake. Ama alizibe lile pengo, ama alitundike gitaa asilishushe tena. "Ee Mungu," alinong'ona, "kama hakuna anayekumbuka, nipe moyo wa kukubali."

Akapiga. Ndani, cherehani zikafuata mdundo, tiki-tiki-tiki. Akafika penye pengo, akapita bila kusimama.

Cherehani zote zikanyamaza.

Akageuka. Wanawake watatu walikuwa wameinua miguu juu ya kanyagio, wakimtazama kama mtu aliyeruka mstari wa sala.

"Baba!" binti yake akamaka. "King'ora umekipeleka wapi?"

"Nyie mmeyajulia wapi hayo? Karakana yenyewe hamkuwahi kuikanyaga."

"Sisi tunakanyaga hizi," akadakia mwenzake, aliyehamia mtaani karakana ikiwa imeshafungwa. "Tukikusikia unafanya mazoezi, hapo ndipo tunapopumzisha mguu. Ukituondolea hapo, mzee wangu, utatuua!"

Spana alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kumbe wimbo ulikuwa umeshaajiriwa kwingine, yeye hana habari.

Akarudi mwanzo. Penye pengo akanyamaza, cherehani zikanyamaza, na kutoka jikoni mama watoto, mwiko mkononi, akalia kwa pumzi zake zote: "Huuuuuu!"

"Haya, kazini!" Spana akaamrisha, akazigonga nyuzi.

Binti yake alikuwa amekwisha kusimama. Mguu wake uliposhuka haukuangukia kanyagio. Uliangukia sakafu, ukacheza.