Matairi ya Kuuzia

Mtaa mzima ulimwita Mama Gari, na mwenyewe hakuwahi kushika usukani maishani. Gari lilikuwa la mwanawe wa pekee: jekundu, la milango miwili, limekaa chini kama chura, gari la mbio na la kujionyesha. Siku ya kuondoka kwenda kutafuta maisha ng'ambo, kijana alilisukuma mpaka bandani nyuma ya nyumba, akasema, "Mama, nitunzie. Siku nikiliwasha tena, ujue nimerudi moja kwa moja."

Maneno hayo mama aliyashika kama amana. Miaka ikapita, yeye anaosha gari lisilokwenda popote. Majirani wakacheka, eti mama wa watu anaogesha maiti. Hakuwajali. Alichokipenda zaidi ni matairi, maana kijana aliyanunua mapya muda mfupi kabla ya safari. Kila Jumamosi aliyapaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya kupikia, kwa kitambaa laini, mpaka yang'ae kama viatu vya bwana harusi. Nani angemwambia kwamba anayaharibu kwa mkono wake mwenyewe? Mapenzi hayaendi shule.

Basi kijana akarudi. Betri mpya ikafungwa, gari likakohoa, likanguruma. Mama alilia pale pale bandani bila haya. Limewaka! Mwanawe amerudi moja kwa moja. Akaoga, akavaa gauni lake la heshima, akaketi kiti cha mbele, wakaenda polepole kwa fundi wa matairi.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alichuchumaa, akapitisha kidole ubavuni mwa tairi.

"Haya yametembea?"

"Wapi!" mama akadakia kwa fahari. "Tazama mistari yake, kama ya jana."

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Tairi huzeeka hata likilala. Ona tarakimu hizi nne: wiki na mwaka lilipotengenezwa. Hili ni kikongwe. Tena limesimama mahali pamoja mpaka limekuwa bapa upande wa chini. Na nyufa hizi..." Akanusa kidole. "Mnalipaka nini?"

Mama akamweleza. Fundi akakwepa macho yake. "Mafuta hayo hula mpira, mama. Ungeosha kwa maji na sabuni tu, ingekuwa afadhali."

Kijana akaangua kicheko. "Mama bwana! Kumbe miaka yote hii unayaua?"

Mama naye akacheka, maana angefanya nini? Lakini alikuwa anangoja neno moja tu, ahsante au pole, na halikuja.

Fundi akaanza kueleza. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, na kwa uzee huu ni kubadilisha yote manne, hakuna kuchanganya. "Haya laini yanashika barabara hata kwenye mvua, ila yanaisha upesi. Haya magumu yanakaa, ila kona usizikate kwa mbwembwe. Inategemea utaliendesha vipi, na kwa muda gani."

Mama akatega sikio. Aliomba kimoyomoyo aseme magumu. Mtu wa kuondoka hanunui tairi la kukaa.

"Nipe yale ya pembeni," kijana akasema.

"Yale? Yale ni ya kupendeza macho tu, ndugu yangu. Gari lenye nguvu hivi, ukikanyaga breki kwenye maji utakuja kunilaumu."

"Siendeshi mimi. Mnunuzi anakuja kesho kuliona. Yang'ae tu, mengine atajijua."

"Mnunuzi wa nini?" mama akauliza.

"Wa gari, mama. Nilitaka nikwambie njiani. Jumapili narudi kazini. Maisha yangu yako kule."

"Si ulisema ukiliwasha—"

"Aa, mama! Yale yalikuwa maneno ya kitoto."

Ya kitoto! Siku ile alikuwa na ndevu tele kidevuni. Mama alikasirika, akajikasirikia mwenyewe kwanza kwa kuamini, kisha akamkasirikia aliyenyonya maziwa yake. Alikaa kwenye benchi akatazama matairi mapya yakifungwa, meusi tititi, hayana kosa hata moja kwa mtu asiyejua.

Wakati wa kurudi, kijana aliendesha kwa uangalifu mno, akikwepa kila dimbwi. Lami ilipoishia, kabla ya njia ya kuingia mtaani kwao, akasimama.

"Mama, si utamalizia kwa miguu? Huko ndani ni vumbi tupu, yatachafuka. Mimi nalilaza gari kwa rafiki yangu, kwake kuna sakafu ya saruji. Nitakuja kukuaga."

Mama alimtazama. Akadhani ni utani, akangoja acheke. Kijana alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kumfungulia mlango.

Akashuka, gauni la heshima likiburuzika vumbini. Jirani yake mshonaji, aliyekuwa kibarazani na cherehani, akamwona anakuja peke yake.

"Kulikoni, Mama Gari? Limeharibika njiani?"

"Gari ni zima," mama akajibu, akapita bila kusimama. "Aliyeharibika ni niliyemzaa."