Mkwaruzo wa Ngatia

Pale Naro Moru, mwaka wa sabini na tatu, ungeweza kumkanyaga Ngatia mguu na akakusamehe. Lakini ukigusa gramafoni yake, ungekiona cha mtema kuni! Alikuwa seremala mwenye mikono kama majembe, ila santuri zake hamsini na moja alizishika kwa ncha za vidole kama mayai. Kila Jumapili alizipangusa kwa kipande cha fulana kuukuu, akazirudisha katika kabati la mwerezi alilolichonga mwenyewe, zikasimama wima kama wanakwaya.

Hata mkewe, Wachuka, mama yake Wamae, hakuruhusiwa kuinua ule mkono wenye sindano.

"Kidole kina mafuta," Ngatia alikuwa akinguruma. "Kidole ni adui."

Basi Kagure, binti wa jirani, alipokaribia kuolewa, aliomba santuri moja ya magitaa iwaongoze wasindikizaji wake kuingia ukumbini. Ngatia alivimba kwa fahari. Kwa wiki tatu wasichana kumi na wawili walifanya mazoezi uani kwake kwa santuri hiyohiyo: hatua mbele, hatua mbele, kisha wanainama mara tatu kuwaheshimu akina nyanya, na safari inaendelea.

Aliyekereka ni Mutahi, mjomba wa bibi harusi, ambaye alikuwa amevuta kodiani, kinanda chake cha mvukuto, katika kila harusi ya ukoo ule.

"Mashine haiwezi harusi," alisema mbele ya watu. "Mimi nitakaa hapo na kodiani yangu. Hiyo sanduku yako ikikwama mara moja tu, Ngatia, unaifunika na mimi naendelea."

"Kalia hata hiyo kodiani," Ngatia akamjibu. "Utazeeka ukingoja!"

Lakini usingizi ulimhama. Santuri ile ilikuwa na mkwaruzo. Gitaa la pili lilipoingia, sindano ilirudia mstari uleule mara tatu kabla ya kujinasua. Nyumbani walikwisha kuuzoea, hakuna aliyeusikia tena. Mutahi je? Angeusikia hata akiwa mbali kule Timau!

Siku mbili kabla ya harusi, Ngatia aliifunga santuri katika blanketi akaenda Nyeri mjini kwa fundi Rashid. Rashid aliiosha kwa maji ya sabuni, akavaa lensi ya kutengenezea saa, kisha akaukwangua mkwaruzo taratibu kwa sindano ya cherehani.

"Sasa itateleza kama samli," alisema. Ngatia alifurahi hata akamwalika harusini.

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Gramafoni iliunganishwa na betri ya lori. Mutahi aliketi hatua tatu tu kutoka hapo, kodiani mapajani, vidole tayari. Muziki ukalia, wasichana wakaingia, mioyo ikachangamka. Gitaa la pili likaingia... na sindano ikapita laini! Ngatia nusura acheke kwa sauti.

Kisha akawaona wasichana. Wote kumi na wawili walikuwa wameinama mbele ya akina nyanya, na wimbo ulikuwa umeshawaacha. Watiri, kiongozi wao, alimtupia jicho la mtu aliyeibiwa mchana kweupe. Mutahi akaanza kuifungua kodiani.

Ngatia hakufikiri. Kidole chake, kilekile chenye mafuta, kiliinua mkono wa sindano kikaurudisha nyuma kidogo. Mstari ukaanza upya, wasichana wakainama. Kidole tena, wakainama mara ya tatu. Hapo akauachilia wimbo uende zake, nao wakaenda nao, vigelegele vikapasua paa.

"Imekwama!" Mutahi akapiga kelele. "Kila mtu amesikia!"

"Imekwama wapi?" Nyanya Warigia akamgeukia. "Hiyo ni heshima. Wewe na hiyo kodiani, ni lini ilitusalimia mara tatu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mutahi akaifunga kodiani yake polepole, kisha naye akacheka.

Rashid pekee ndiye aliyekuja amenuna. "Ngatia, ile santuri niliitengeneza! Saa nzima na lensi jichoni!"

"Uliitengeneza hadi ukapitiliza, fundi. Jumatatu nakuletea. Nirudishie mkwaruzo wangu."

Wachuka alikuwa nyuma yao na sahani ya nyama. Aliinua kidole kinachong'aa mafuta.

"Baba Wamae, na hiki je?"

Ngatia alikitazama. Akakitazama na chake, akakificha mfukoni.

"Pangusa kwanza," akasema.