Kilimia Kimetuona

Jioni aliyozikwa Mzee Muhanna, maji ya falaji, mfereji unaonywesha mashamba ya kijiji, yalipotea njia. Miaka arobaini yeye ndiye aliyekaa juu ya jiwe kando ya mfereji, akazitazama nyota, kisha akapaza sauti: zamu ya fulani imekwisha, ya fulani imeanza. Jioni ile jiwe lilikuwa tupu. Mashamba matatu yakanywa kwa pamoja, mitende ikasimama katikati ya dimbwi.

Matanga yalipokwisha, wenye maji wakakutana barazani kwa marehemu. Wengi walitaka saa itundikwe msikitini, kila mtu apewe dakika zake. Shinuna, binti pekee wa Mzee Muhanna, alikuwa akiwamiminia kahawa.

"Nipeni wiki mbili nizijue nyota za baba," akasema.

"Wewe?" Ami Sulayyim, jirani yao, akacheka hadi kikombe kikamwagika. "Wewe uliyekuwa ukisinzia kabla ya Isha?"

"Hii kahawa naipika mwenyewe, Ami. Sitasinzia."

Wakampa. Akikosea, jiwe litang'olewa na saa itatundikwa.

Baba yake alimwita mara nyingi aje aone, naye kila mara alijibu, "Kesho, baba." Sasa akabaki kuiuliza simu. Aliiegemeza kwenye kopo la unga, akakanda mkate huku mwalimu mmoja wa Kuwaiti mwenye sauti ya puani akimweleza habari za mbinguni. Akajua kwamba Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, ni mamia ya nyota changa, na kwamba mwanga wake uliondoka huko kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Siku nyingine aliunguza mkate kwa mshangao. Akapakua na programu ya kuonyesha anga, inayotaja kila nyota itachomoza saa ngapi.

Wiki mbili zikatimia. Zamu ya Ami Sulayyim ilikuwa iishe Kilimia kikichomoza, na programu ikasema saa mbili na dakika kumi na saba. Dakika ilipogonga, Shinuna akahamisha jiwe dogo linaloziba mfereji, akapaza sauti, maji yakageukia kwa Bi Ghaya.

Punde Ami Sulayyim akatokea, matope hadi magotini.

"We mtoto! Nani amekata maji yangu?"

"Kilimia kimechomoza, Ami. Angalia simu."

"Simu yako ina mitende? Nionyeshe huko juu!"

Bi Ghaya akachungulia ukutani kwake. "Mimi simo. Maji yamekuja yenyewe, nimeyakaribisha."

Shinuna akainua macho. Mashariki palikuwa na mlima mweusi tu. Akaketi juu ya jiwe la baba yake, Ami Sulayyim akisimama nyuma yake na kunung'unika. Wakangoja. Saa mbili na dakika thelathini na saba, kwenye pengo la mlima, Kilimia kikachungulia.

"Haya," akasema Ami Sulayyim. "Sasa ndiyo kimetuona."

Neno lile likamkaa Shinuna kifuani. Baba yake alikuwa akirudi nyumbani, akinawa miguu na kusema hivyo hivyo: "Kimetuona." Alidhani ni mapenzi ya mzee kwa nyota zake. Kumbe ndicho kilichokuwa kipimo chenyewe.

Akafuta macho kwa ncha ya shela.

"Simu imehesabu kama vile hatuna mlima, Ami. Kosa ni langu. Dakika zako ishirini chukua kwenye zamu yetu."

Ami Sulayyim akakohoa. "Baba yako naye, mwaka wake wa kwanza, alinikaushia midimu kwa kukosea nyota," akasema. "Barazani nitasema umekosea mara moja tu, jiwe libaki. Hata yeye hakuanza na kosa moja tu."

Jiwe halikung'olewa. Shinuna hukaa hapo kila baada ya Isha, birika pembeni. Leo, wiki moja baadaye, Kilimia kitatoka penye pengo saa mbili na dakika tisa, kwani kila siku huwahi dakika nne, na zamu itakayoanza ni ya Bi Ghaya.