Waya Mpya Nyuma ya Shuka

Fundi cherehani alikuwa amechuchumaa nyuma ya shuka lililotundikwa toka kabatini hadi dirishani, magoti yakimlalamikia kama bawaba kavu. Upande wa pili, mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Masikio, alikuwa amejituliza kochini na rimoti mkononi, macho kayafumba. Huyu bwana alidai aliwahi kumsikia mende akikohoa ndani ya spika, na akamtambua kuwa ni jike.

Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa muziki. Safari hii nduguye kamuuzia waya wa spika, mnene kama mkono wa mtoto, akamwambia spika nazo zikae mbali na ukuta. Hapo ikabidi meza ya cherehani ihamie koridoni, kwenye giza. Mke akagoma. Wakakubaliana: mke abadili waya bila kuonekana, Masikio akiutambua mpya, meza ihame. Akishindwa, meza ibaki dirishani na habari iishe.

"Tayari," mke akasema.

Wimbo ukapigwa.

"Huu wa zamani. Mwimbaji ana mafua."

Wimbo ukasimamishwa, kisha sauti ya mke tena: "Tayari."

"Naam, mpya huo. Sikia ngozi ya ngoma ilivyokazwa. Na mpiga gita, mke wangu, kavua viatu."

"Umemwona miguu?"

"Nimeisikia."

Mke akajiegemeza ukutani. Kutwa nzima alikuwa ameshona sare, mgongo umekufa ganzi, na zile skrubu ndogo za nyuma ya amplifaya hakuwa na hamu hata ya kuziangalia. Hakuwa amegusa kitu. Waya mpya ulikuwa umemlalia mapajani toka mwanzo. Alikusudia kuvuta pumzi kidogo tu kisha aanze. Lakini yule bwana akawa anausifu na kuuponda waya uleule, na kila alichokitaja, ngozi, vidole, pumzi ya mwimbaji, mke naye akakisikia waziwazi. Hilo likamchosha kuliko sare zote.

Akinyamaza, meza inahama. Akalishusha shuka.

"Sijabadilisha. Hata mara moja."

Masikio akautazama waya mapajani mwa mkewe.

"Hata pale kwenye gita?"

"Hata pale."

"Basi nimezeeka."

"Mbona nami nilimsikia kavua viatu."

"Unanionea huruma."

"Huruma nitaitolea wapi saa hizi? Nilisikia, bwana, na waya wako nimeupakata."

Masikio akanyanyuka, akauviringisha waya, akaufungia kwenye boksi lake. Kisha akaisukuma meza mwenyewe hadi ikagusa kizingiti cha dirisha, akarudi kochini. Mke akaja kukaa kando yake. Wimbo ukaanza upya.

"Sasa sisikii kitu," Masikio akasema baadaye. "Muziki tu."

"Tusikilize huohuo, basi," mke akasema, na kabla kiitikio hakijafika, alikuwa ameshalala.