Jezi Namba Tisa

Fundi alidhani anampelekea kaka yake zawadi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo, kwamba aliufanya ule ubaya huku anapiga mluzi.

Kazi yake ni kutengeneza simu na mashine za gemu, na kwa mambo hayo hakubali kufundishwa na mtu. Kaka yake, ambaye mtaa mzima unamwita Kocha, alikuwa na mashine kuukuu yenye gemu la mpira la zamani, lile ambalo waliolitengeneza hawakuwa na leseni ya kutumia majina ya kweli. Timu zote kubwa zilikuwa na majina ya kubuni na jezi za kubabaisha. Kocha alikaa miezi akizisahihisha moja moja kwa mkono. Ikabaki timu moja, akaifanya timu ya nyumbani. Baba yao, aliyekuwa habanduki kitini, akapewa ugolikipa. Jirani mmbea akawekwa winga, maana kwa mbio za kufikisha habari hakuwa na mpinzani. Fundi mwenyewe alipangwa benchi, na jambo hilo hakulisamehe.

Mbele, jezi namba tisa, alisimama mama yao. Sura ile ilitengenezwa mama akiwa hai, anachambua mchele na kutoa maagizo.

"Pua yangu si hiyo, baba. Hiyo umemwibia nani?"

"Mama, tulia basi niiangalie."

"Uangalie nini? Miaka miwili umenyonya kifuani kwangu, pua hukuiona?"

Mama akafariki. Tangu hapo, kila Jumapili mchana, Kocha aliwasha mashine akacheza mechi moja, akimpasia namba tisa mpaka afunge. Mama akishafunga alikimbia mikono wazi, na Kocha akazima, akaenda kuoga. Fundi aliuona ni utoto. Mtu mzima na mvi zake!

Basi siku moja Kocha akiwa kazini, Fundi akaja na toleo jipya. Timu mia sita, zote za leseni, majina ya kweli, jezi za kweli, hata jasho la kweli. Nafasi haikutosha. Mashine ikauliza, afute data za zamani? Akabonyeza ndiyo. Ikauliza tena kama ana hakika. Mashine iliuliza mara mbili. Yeye hakumuuliza mwenye mali hata mara moja.

Jumapili Kocha akakaa kitako. Alisifu kwanza, maana ana adabu zake. Kisha akaanza kupitia timu, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Akarudi mwanzo.

"Mdogo wangu, Mama umemweka timu gani?"

Hapo ndipo Fundi alipojua alichokifuta. Wiki nzima iliyofuata alihangaika kurudisha zile data, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Na timu za leseni zimefungwa, huwezi kubadili hata herufi ya jina la mtu. Iliyobaki ni sehemu ndogo ya kuunda mchezaji mmoja mpya.

"Lete pedi ya kuchezea, kaka. Nitamtengeneza upya."

Macho yalikwenda vizuri, na paji la uso. Kufika puani akakwama. Picha walizonazo ni za kutazama mbele, na mashine inataka pua ya ubavuni pia. Akaipanua, akaipunguza, akaiinua.

"Siyo hiyo," Kocha akasema taratibu.

"Sasa niambie ilikuwaje!"

"Mimi nilikuwa natazama skrini, yeye ananielekeza. Wewe ndiye uliyekaa mkabala naye siku zote zile."

Kweli alikaa mkabala naye, hatua mbili tu, ameinamia simu ya mteja. Fundi akafumba macho amtafute mama yake. Alichokiona ni ile simu: kioo kimepasuka kona ya kushoto, skrubu nne, moja imelika kichwa.