Marehemu Randria Apata Cheti cha Akili Timamu

Jumatatu mwalimu Solofo alichelewa kufika shuleni, na alipoulizwa sababu alisema kweli: marehemu baba yake alikuwa amejifungia bafuni.

Mwalimu mkuu, Madamu Volatiana, alikuwa akinywa maji ya ukoko wa wali. Akatua kikombe. "Mzee Randria? Si tulimzika?"

"Amerudi Jumamosi, madamu. Ana malalamiko."

Malalamiko yenyewe yalikuwa ya haki. Kiangazi hicho ukoo ulifungua kaburi kama ilivyo desturi ya kisiwa chetu, ukawatoa wazee, ukacheza nao mabegani na kuwavika sanda mpya. Ila wajomba walikuwa wamekunywa ramu, tena hariri ya sanda imepanda bei, wakamfunga Mzee Randria sanda moja na shemeji yake Ratovo. Hao wawili hawakuwa wakisemezana tangu ugomvi wa nguruwe. Mzee akavumilia wiki nzima, kisha akaamka, akatembea hadi mjini Antsirabe, akaketi jikoni kwa mwanawe kudai watenganishwe. Mganga wa kuchagua siku akapiga hesabu zake: kaburi halifunguliwi tena hadi kiangazi kijacho.

"Pole," alisema Madamu Volatiana. "Shangazi yangu naye alirudi kufuata kitana. Lakini kanuni ni kanuni. Mwalimu anayesikia sauti za wafu alete cheti cha hospitali, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine."

"Si hata wewe unamsikia, madamu? Huyo hapo nje anaita."

Nje Mzee Randria aliuliza kwa sauti kama mwanawe amemaliza, maana jua linamkausha.

"Namsikia vizuri. Ila mimi sijachelewa kazini."

Solofo alikuwa amefundisha hesabu shuleni hapo tangu ujana na hakujua kazi nyingine. Akaenda hospitali. Baba yake akamfuata, sanda ikiburura vumbi.

Daktari wa kwanza, Rasoanaivo, alikuwa na foleni hadi barabarani. Aliuliza swali moja tu: "Unasikia sauti?"

"Ya baba, ndiyo. Huyu hapa."

"Mzee, usiegemee kabati," alisema daktari, kisha akaandika: skizofrenia.

Daktari wa pili, Bi. Herinirina, alisomea kitabu kingine. Alimpa marehemu kiti, akamsikiliza Solofo hadi mwisho, akaandika: huzuni ya msiba.

"Msiba gani?" aliuliza Mzee Randria. "Mwaka wa tisa huu! Hata kulia hakulia, alikuwa anahesabu wageni."

"Baba, nyamaza."

"Nanyamaza nini? Mwambie na habari za Ratovo!"

Daktari wa tatu alikuwa Mnorwe, Torvik, mwenye mkalimani na adabu nyingi. Alisema skizofrenia haiwezekani kabisa, kwa sababu alisoma kwamba watu wa kisiwa hiki wote huongea na wafu. Akaandika: mila. Jirani wa Solofo, aliyekuwa akiongea na redio iliyozimwa na hajalala tangu Pasaka, naye aliandikiwa mila, akarudishwa nyumbani bila kidonge.

Sisi watu wa mji huu hatusahau. Bibi yetu mmoja aliwahi kufungiwa hospitali ya wendawazimu kwa kusema shamba ni lake, na shamba lilikuwa lake. Aliyemfungia alivaa koti jeupe kama hawa, na hakuna aliyemuuliza alikipimaje kichwa chake. Leo wanapima kwa vitabu vitatu, na kichwa ni kilekile kimoja.

Kwa kuwa majibu yalikuwa matatu, hospitali iliamua kumpima na marehemu, ili kulinganisha. Mzee alikaa wima. Je, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Hapana. Analala vizuri? Sana. Kuna watu wanaomfuata? "Ratovo, ila alikuwa mvivu tangu zamani, hafiki." Wakamgongea muhuri wa akili timamu siku hiyohiyo.

Madamu Volatiana aliutazama muhuri kwa furaha. Shule ilikuwa na darasa lisilo na mwalimu na mtu mmoja mwenye cheti. Mzee Randria akaanza kufundisha hesabu. Watoto walimpenda, kwa kuwa hakutoka kwenda kula, na akikosa chaki alitumia kidole.

"Baba, hiyo ni kazi yangu," alisema Solofo.

"Si nakushikia tu, mwanangu! Kwani mimi ndiye niliyekunyima cheti?"

Mwisho wa mwezi Solofo alirudi hospitali kuomba apimwe upya. Safari hii madaktari wote watatu waliketi meza moja, kwa kuwa vyumba vingine vilikuwa vikipakwa rangi.

"Bado unamsikia baba yako?" aliuliza Bi. Herinirina.

"Shule nzima inamsikia. Yuko darasani, anafundisha kugawanya."

"Darasa la nani?"

"Langu. Wamempa kazi yangu."

Wakatazamana. Rasoanaivo akasogeza karatasi katikati ya meza. "Sasa anadai maiti imemnyang'anya kazi," alisema polepole, kwa ajili ya mkalimani. Torvik akatikisa kichwa kwa masikitiko na kukiri kwamba hiyo si mila tena. Bi. Herinirina akakubali kwamba wala si msiba.

Wakaandika neno moja, wakatia sahihi zote tatu, na muuguzi akawaletea kahawa kuwapongeza. Haikuwahi kutokea hospitalini hapo madaktari watatu wakakubaliana.